Punda Asife na Mzigo Ufike: Mafunzo Niliyopata Nikiwa Karani Nkubu

Kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hiyo nimeisikia Nkubu kutoka kwa wazazi, wahubiri, wenye nyumba za kupanga na hata wafanyakazi wenzangu, na karibu kila mara aliambiwa mtu aliyethubutu kulalamika. Mji wetu ni mdogo. Uko kando ya barabara ya Meru kwenda Embu, katikati ya mashamba ya kahawa na majani chai ya Imenti Kusini, na kazi za mshahara ni za kuhesabika: hospitali, shule, benki, vyama vya ushirika, viwanda vya majani chai vya huko juu, na maduka. Anayepata moja huambiwa ashukuru. Anayeichoka huambiwa kuna foleni nje.

Nilifanya kazi miaka kadhaa katika duka la vifaa vya ujenzi, hadiwea kama sote tunavyoliita, nikiwa karani wa hesabu, keshia, na siku nyingine mpokeaji wa saruji. Jina la duka na la mwenyewe nayaacha, kwa sababu yaliyonipata pale yanawapata wengi kwingine. Niliingia nikiipenda kazi. Kufikia mwisho, simu ya bosi ikilia moyo ulikuwa unaniruka. Katikati ya hapo nilijifunza mambo ambayo sikufundishwa chuoni, na yote yanarudi kwenye hili moja: mzigo mzito niliuweza. Kilichonimaliza ni kutojua nani anaamua, kwa kipimo gani, na kwa nini kipimo kinabadilika akija mtu mwingine.

1. Uchovu wa dhuluma hauponi kwa kulala

Mvua zikikatika na watu wakaanza kujenga, duka la vifaa vya ujenzi halina pumzi. Mabati yanatoka, saruji inaingia, fundi huyu anataka misumari ya inchi nne na yule anabishania bei ya rangi. Siku hizo nilichoka mwili. Miguu ilivimba, sauti ikakauka, nikalala, nikaamka mzima.

Uchovu wa pili ulikuja taratibu. Jumapili jioni tumbo lilianza kuvurugika. Mteja akiuliza swali la kawaida nilimwona kama amenitukana. Hesabu niliyokuwa nikiifunga huku nikipiga soga niliirudia tena na tena, na bado sikuiamini. Nikipewa siku ya kupumzika, niliimaliza nikiiwaza kesho yake.

Hali hii ina historia. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyejitolea katika kliniki ya bure mjini New York, aliandika kuihusu baada ya kuiona kwa wahudumu wenzake na kwake mwenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliifafanua katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11. Halikuiita ugonjwa. Liliieleza kuwa jambo litokanalo na kazi, lenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuhisi kwamba hufai tena kazini. Watafiti Christina Maslach na Michael Leiter walitaja mambo sita yanayoileta: wingi wa kazi, kukosa usemi, malipo na shukrani duni, uhusiano mbaya kazini, ukosefu wa usawa, na kulazimishwa kutenda usichokiamini. Wingi wa kazi ni moja tu kati ya sita. Ndiyo maana likizo peke yake haikutosha kuniponya. Nilirudi nimepumzika, nikayakuta mengine matano yananisubiri.

2. Kibarua wa mwaka mzima si kibarua

Niliajiriwa kwa mdomo. "Anza Jumatatu, mwanangu, mambo ya karatasi tutaona." Karatasi haikuonekana. Wapakiaji nao waliitwa vibarua, ingawa baadhi yao walilijua duka kuliko sisi wa ofisini.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haiangalii mtu anaitwaje. Kibarua, kwa maana yake, ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa ni mwajiriwa wa mwezi. Kuna wengi Nkubu, Mitunguu na Igoji wanaoitwa vibarua huku watoto wao wakiingia sekondari kwa kazi ile ile.

Kifungu cha 9 nacho kinasema mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Usipoandikwa na mambo yakafika mahakamani, mwajiri ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti mnayobishania. Kwa miaka mingi niliogopa kwamba kukosa barua kunaninyima haki. Sheria inaliona pengo hilo kuwa kosa la aliyestahili kuandika.

3. Hasira isiyoandikwa huishia tumboni

Nilinunua daftari la kawaida la shule. Kila siku niliandika mistari miwili au mitatu, bila matusi na bila maoni. Mfano: "Jumanne. Kuingia saa 1 kasoro dakika 10. Kutoka saa 2 na robo usiku. Lori la saruji lilichelewa, bosi akasema tungoje." Siku ya ofu niliyoitwa kazini niliiandika kwa kalamu nyekundu.

Baada ya muda nilipiga hesabu. Mtu anayeingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 1 jioni, ukimtolea saa moja ya chakula, anafanya saa 11 kwa siku. Kwa siku sita ni saa 66. Amri ya jumla ya mishahara nchini Kenya inaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa siku sita, ingawa sekta nyingine zina amri zao. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu siku za kawaida, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Na katika kila siku saba, kifungu cha 27 kinadai angalau siku moja ya kupumzika.

Saa nyingi si suala la pesa tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu wapatao 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Saa 66 zinaonekana za kawaida kwa sababu jirani naye anazifanya.

Daftari lilinipa faida nyingine ambayo sikuitazamia. Nilipoandika, niliacha kulihubiri jambo lile lile nyumbani kila usiku. Mume wangu alipumzika, nami nikapumzika kidogo.

4. Shoti si kodi ya keshia

Jioni moja hesabu ilipungua shilingi 3,400. Bosi hakuuliza swali. Alichukua karatasi ya mishahara, akaandika "shoti" mbele ya jina langu, akaendelea na simu yake. Lakini droo ile ya pesa ilifunguliwa na watu watatu: mimi, mpwa wa bosi, na bosi mwenyewe, aliyekuwa akichukua pesa za mafuta ya gari na kusema atakumbuka kuziandika.

Niliketi na kitabu cha risiti. Nilizipitia moja moja dhidi ya daftari la stoo. Risiti ya mabati iliyoandikwa alasiri ilikuwa imelipwa, mali imetoka, ila pesa hazikuwa kwenye droo wala kwenye nambari ya M-Pesa ya duka. Nikamwita fundi aliyenunua. "Madam, mimi nilimtumia mzee kwenye simu yake, aliniambia nifanye hivyo." Nilimpelekea bosi kitabu cha risiti na kumwomba aangalie ujumbe wa saa ile. Aliangalia. Ulikuwapo. Mwezi uliofuata shilingi 3,400 zilirudi bila neno la pole.

Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa pale tu ulipotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi waziwazi kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Upungufu wenyewe hautoshi, lazima uwe na mwenyewe. Na hata makato yote yakiwa halali, hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Kuanzia siku ile nilidai jambo moja dogo: kila anayeshika droo aifunge, ahesabu mbele ya mwenzake, na wote wawili watie sahihi. Mzee alicheka mwanzoni. Baadaye ndiye aliyekuwa akiuliza, "Mmesaini?"

5. Uliza kiwango cha kazi

Kwa kuwa niliandika orodha ya mishahara, niliona kwa macho yangu. Kijana aliyeajiriwa baada yangu kwa kaunta ile ile, na ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufunga hesabu, alinizidi mshahara. Nilipoligusia jambo hilo kwa mbali, jibu lilikuwa kwamba yule ni mwanamume na atataka kuoa.

Kifungu cha 5 kinamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na kinakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsia, kabila, dini, ujauzito na ulemavu. Mfanyakazi akidai alibaguliwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ubaguzi huo haukutokea. Hata hivyo sikuichukua orodha ile kuitangaza mtaani. Karani wa mishahara ana amana, na kijana yule hakunikosea kitu.

Nilichofanya ni kuuliza swali tofauti: "Mzee, kazi ya kaunta ina kiwango gani hapa?" Alinyamaza. Hakikuwapo. Kila mtu alilipwa kulingana na alivyokuja: nani alimleta, alibembeleza kiasi gani, alionekana na shida kiasi gani. Hapo nilielewa kwamba tatizo langu halikuwa yule kijana. Mahali pasipo na kiwango, upendeleo ndio utaratibu wenyewe, na hata anayependelewa leo hana uhakika wa kesho. Mshahara wake ulipandishwa kwa hisani na unaweza kushuka kwa hasira.

6. Pesa iliyokatwa si lazima iwe imefika

Hati ya malipo ilionyesha nimekatwa pesa za NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Nilipokwenda Meru mjini kuangalia akaunti yangu, miezi kadhaa ilikuwa na mapengo. Chini ya Sheria ya NSSF ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2023 baada ya mvutano mrefu mahakamani, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 na mwajiri huongeza asilimia 6 nyingine, ndani ya viwango vilivyowekwa. Kwa hiyo mwezi usiofika unakupotezea mara mbili: pesa yako na ile ambayo ingeongezwa.

Siku hizi kuna pia asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, iliyoanza kukatwa Oktoba 2024, na asilimia 1.5 ya nyumba, ambayo mwajiri naye anailipia kiasi hicho hicho. Angalia akaunti zako kila baada ya miezi michache. Wengi huujua ukweli wakiwa dirishani hospitalini, mtoto mgongoni ana homa.

7. Mwili hutoa notisi kabla yako

Vidonda vya tumbo ndivyo vilivyonipeleka kwa daktari. Alinipima, akaniandikia dawa, kisha akaniuliza, "Dada, unafanya kazi gani?" Nilimweleza kwa kirefu kuliko alivyotaka. Alinipa siku za kupumzika kwa maandishi.

Niliona aibu kuipeleka karatasi ile, kama niliyeiba. Lakini mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Akimaliza mwaka ana siku 21 za kazi za likizo yenye malipo. Bosi akisema "nenda tu upumzike, mwanangu" kana kwamba anatoa sadaka, mshukuru kwa adabu, na ujue si sadaka.

8. Mmoja ni mlalamishi, watano ni hoja

Januari 1947 mjini Mombasa, makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, wa hoteli na wa nyumbani waliacha kazi pamoja, watu wapatao 15,000, kwa muda wa siku 12 hivi. Walikutana katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Humo kikakua chama cha African Workers Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Serikali ya kikoloni iliunda baraza la kusikiliza madai, na mishahara ikapanda. Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Hadithi hiyo naikumbuka kwa sehemu zake zote mbili. Umoja ulileta matunda, na gharama ikamwangukia aliyeonekana mbele.

Sisi tulikuwa wachache dukani, nasi tuliogopa sehemu ile ya pili. Tuliandika barua yenye maombi matatu: ratiba ya ofu ibandikwe ukutani, kila mtu awe na droo yake, na saa za ziada zihesabiwe. Mpakiaji mmoja, mtu wa maneno machache, alitoa wazo la kusaini kwa duara ili pasiwe na jina la kwanza. Tulipata ratiba. Tulipata droo. Saa za ziada hatukuzipata wakati ule.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa usawa kazini, kulipwa ujira wa haki na kujiunga na chama. Wafanyakazi wa maduka wana KUCFAW, chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula, na mwajiri hulazimika kukitambua chama kikiwa na wafanyakazi walio wengi. Mfano wa karibu zaidi na sebule zetu ni walimu wanagenzi wa sekondari msingi. Walifundisha kama walimu wengine kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba utaratibu huo ulikiuka haki yao, na Mei wakashuka barabarani. Januari 2025 wapatao 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Mwalimu mmoja mmoja, shule moja moja, angeambiwa avumilie.

9. Bosi naye ana mzigo, ila si wa mshahara wako

Haki inanidai niseme na hili. Nilikuwa nikiviona vitabu. Wakandarasi walichukua saruji na mabati kwa mkopo wakingoja malipo ya kaunti, na madeni ya kaunti kwa wakandarasi ni kilio cha miaka mingi nchini. Cheki zilichelewa, mwenye kiwanda alidai pesa taslimu, benki ilidai riba. Mzee naye hakuwa akilala. Ukali wake wa Jumatatu mara nyingi ulianzia kwenye simu ya Ijumaa.

Kulijua hilo kulinisaidia kuacha kumchukia, na chuki ilikuwa imenila kuliko saa za ziada. Hata hivyo kuelewa hakukufuta deni. Mwenye biashara ana njia kadhaa za kubeba hasara: kupunguza mikopo, kuuza mali, kujadiliana na benki. Akichagua kuibeba kwa mshahara wa keshia, amemfanya keshia mkopeshaji wake bila kumuuliza, tena mkopeshaji asiye na riba. Mwambie hivyo kwa lugha laini. Mimi nilimwambia: "Mzee, kama mwezi huu ni mgumu, tuandikiane utanilipa lini." Mara mbili au tatu aliandika, na mara zote alipoandika alilipa.

10. Ukiitwa ofisini, sikiliza sana na usisaini haraka

Miezi michache baada ya barua ya duara, stoo ilipungukiwa na bidhaa. Niliitwa. Mezani palikuwa na barua ya kujiuzulu iliyochapwa tayari, jina langu chini. Niliambiwa nikisaini mambo yataisha kimya, na nisiposaini polisi wataitwa.

Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, husikiliza pande mbili kabla ya kutoa neno, na kila Mmeru amekulia katika wazo hilo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinadai jambo hilo hilo: mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kushindwa kazi kwa sababu ya afya lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilize majibu yake kabla ya kuamua. Katika kesi ya mwalimu mmoja dhidi ya TSC, tume inayoajiri walimu, mwaka 2013, Mahakama ya Ajira ilisema kuachishwa kazi kwa haki kuna miguu miwili: sababu halali na utaratibu wa haki. Mmoja ukikosekana, uamuzi hausimami.

Nilisema maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi: "Mzee, naomba tuhuma kwa maandishi, na nije na mwenzangu." Tuhuma haikuandikwa kamwe. Kwa maana hiyo haikuwapo. Lakini kukaa nisingeweza tena, na wiki chache baadaye nilitoa notisi yangu mwenyewe, kwa tarehe niliyoichagua mimi.

11. Ofisi ya Leba si ya wagomvi

Nilidhani Leba ni mahali pa kelele. Ni meza, faili na afisa anayeuliza tarehe. Nilipeleka daftari langu, hati za malipo na ujumbe wa M-Pesa wa mishahara. Afisa aliandika barua kumwita mwajiri, tukaketi watatu. Nilidai siku za likizo ambazo sikuwa nimezichukua, saa za ziada na cheti cha utumishi. Likizo nilipewa yote, saa za ziada sehemu, na cheti siku ile ile. Sikupata kila kitu. Nilichopata kilitokana na kilichokuwa kimeandikwa. Siku ambazo daftari lilikuwa tupu, nami nilikuwa mtupu.

Muda ni muhimu. Aliyeachishwa kazi isivyo haki akitaka kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, afanye hivyo ndani ya miezi 3. Kesi za ajira kwa jumla zina ukomo wa miaka 3, na kwa madhara yanayoendelea ni miezi 12 tangu yakome. Mahakama ikiona uliachishwa isivyo haki, inaweza kuamuru ulipwe fidia hadi mishahara ya miezi 12. Na kumfukuza mtu kwa sababu tu amepeleka malalamiko yenye msingi ni kosa jingine juu ya la kwanza. Cheti cha utumishi nacho ni haki ya kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, hata aliyeondoka kwa ugomvi.

12. Dhuluma ni rahisi kurithi

Leo nawaandikia hesabu wafanyabiashara wadogo wa hapa na wa Kanyakine, na nina msichana mmoja anayenisaidia. Mwezi wa kwanza mteja wangu mkubwa alichelewa kunilipa, na maneno yaliyonijia mdomoni yalikuwa ya mzee, neno kwa neno: "Vumilia kidogo, mwanangu." Niliyasikia kabla hayajatoka.

Nilikopa kwenye chama chetu cha akina mama, nikamlipa tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye barua yake. Riba ya mkopo ule niliilipa mimi, kwa sababu mteja ni wangu na faida ikija pia ni yangu. Katika kulipa mshahara, Sheria ya Ajira haina mlango wa nyuma kwa anayeajiri mtu mmoja. Wanaosema biashara ndogo haiwezi kumudu haki nawaomba wakokotoe kama nilivyokokotoa mimi, kwa kalamu na karatasi: mkopo wa mwezi mmoja ulinigharimu kidogo kuliko ambavyo ingenigharimu kumfundisha karani mpya kazi yote tangu mwanzo.